Euro 1,800 na kidaftari cha shangazi

Shangazi yangu alifundisha darasa la pili Pangani kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo hapiti mahali bila kuandika saa. Ana kidaftari cha jalada la bluu, kile kile wanachonunuliwa watoto wa shule, na humo mna kila kitu: bei ya nazi, siku jirani alipoazima sufuria, saa basi lilipotoka Tanga na saa lilipofika Dar. Alipokuja kututembelea Ujerumani mwaka 2024, kidaftari kilikuja naye, nami nikawa namtania kwamba ametumwa kutukagua. Siku hizi simtanii. Shirika la ndege lilitulipa euro 1,800, fidia ya kutuchelewesha, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye kurasa zile zenye mistari.

Shirika lenyewe sitalitaja. Si la Ulaya, lina ndege nzuri na chakula kizuri, na yaliyotupata sisi yamewapata abiria wa mashirika mengine mengi. Ninalotaka kusimulia ni jinsi tulivyokaribia kuziacha pesa hizo, maana nilipochunguza niligundua kwamba tulikuwa tunaziacha kwa heshima zaidi kuliko kwa ujinga.

Kaka yake mkubwa shangazi, yaani baba mkubwa wangu, alifariki shangazi akiwa kwangu. Mazishi hakuyawahi, kwetu maiti hacheleweshwi. Akasema, basi arobaini siikosi. Nikakata tiketi tatu, yake, yangu na ya binti yangu wa miaka sita, zote kwa namba moja ya kuhifadhi nafasi: Frankfurt mpaka Dar es Salaam kwa kupitia kiwanja kikuu cha shirika hilo. Kuondoka Ijumaa saa tisa na dakika kumi alasiri, kufika Jumamosi saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi. Gari la kututoa uwanja wa Nyerere mpaka Pangani nilikwisha kulilipia. Khitma ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Muda ulitosha, hata ukiweka na foleni za Dar.

Getini Frankfurt tulikaa. Kidaftari kinasema hivi, na ninanakili kama kilivyo: “9:10 bado. 9:35 wametangaza, mlango wa mizigo haufungiki, fundi anasubiriwa. 10:20 fundi ameshuka. 11:00 tumeingia. 11:25 tumesukumwa.” Kuchelewa kwa saa mbili na robo. Si kitu, nikajiambia, basi la Tanga limeshanifanyia makubwa kuliko hayo.

Lakini tulipotua kule katikati, ndege ya Dar ilikuwa imefunga mlango dakika ishirini zilizopita. Tukasimama kwenye foleni ya kaunta, usiku wa manane, mtoto amelala begani. Tulipofikiwa tukapewa bodingi pasi mpya za ndege ya kesho yake, saa ile ile. Na vocha ya chakula: mkate mmoja uliotiwa jibini, soda moja. Hoteli tulikuja kuipata karibu na alfajiri. Shangazi alipoelewa kwamba kesho yake maana yake ni Jumapili asubuhi, hakusema neno. Alifungua kidaftari, akaandika saa, akakifunga.

Sasa nije kwenye foleni ile, maana ndipo nilipojifunza jambo. Tulikuwa kama watu arobaini tuliokosa ndege mbalimbali za kwenda Afrika. Wajerumani waliokuwamo, wengi wao watalii wa safari za mbugani, walikuwa na shughuli: huyu anapiga picha ubao wa ndege, yule anadai aandikiwe sababu ya kuchelewa kwenye karatasi yenye nembo, mwingine anapeana namba za simu na wenzake. Sisi weusi tulikuwa tumekaa. Mama mmoja Mganda mwenye watoto wawili alisema tushukuru, ndege mbovu wameitengeneza kwanza, ingekuwaje ingeanguka? Tukaitikia wote. Kijana wa kaunta alipotupa chupa za maji tulimshukuru kama aliyetukaribisha nyumbani kwake.

Mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniuliza kama nimehifadhi bodingi pasi ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, shangazi hatupi karatasi. Akasema, “Zwei-sechs-eins.” Mbili, sita, moja. Alilitamka kama mtu anayemtajia mwenzake jina la dawa.

Namba hiyo ni ya kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 17 Februari 2005. Nimeishi Ujerumani miaka kumi na moja na nilikuwa nimeisikia, ila nilidhani ni ya Wazungu, au walau ya mashirika ya Ulaya. Sivyo. Kanuni haiulizi pasipoti. Inauliza umeanzia wapi. Ukiondoka kwenye kiwanja kilichomo ndani ya Umoja wa Ulaya, shirika lolote lile, liwe la Ethiopia, la Uturuki, la Ghuba au la Kenya, linabanwa. Ukiwa unakwenda Ulaya kutoka nje, linabanwa shirika la Ulaya peke yake. Sentensi hiyo ya mwisho iweke akilini, nitairudia mbele, maana shangazi aliniuliza swali juu yake na sijapata jibu lake.

Viwango vyenyewe ni vitatu: euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa za kati, na euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inayovuka mipaka ya Umoja. Frankfurt na Dar, ukipima kwa mstari mfupi kabisa juu ya dunia, ni karibu kilomita 7,000. Kwa hiyo sisi watu wa pwani na bara tukitoka Ulaya kurudi kwetu, kiwango chetu ni kile cha juu, hakuna mjadala. Nauli uliyolipa haitazamwi. Tiketi ya binti yangu ilikuwa ya bei ya mtoto, naye ana euro 600 zake kamili. Na fidia ni ya msafiri; tiketi ya shangazi niliilipia mimi, lakini fidia ya shangazi ni ya shangazi. Hili nililirudia mara mbili kwa shemeji yangu mmoja ambaye hesabu zake zilikuwa zimekwisha anza kwenda kwingine.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ukiisoma kanuni yenyewe kuanzia juu mpaka chini, hukuti mahali palipoandikwa kwamba ndege ikichelewa utalipwa. Inazungumzia waliozuiwa kupanda kwa sababu tiketi zimeuzwa kuliko viti. Inazungumzia safari zilizofutwa bila taarifa ya wiki mbili. Ya kuchelewa inakupa chakula, malazi, na mawasiliano ya simu mara mbili, lakini si fidia. Walioongeza ni majaji wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, tarehe 19 Novemba 2009. Familia moja, Sturgeon, ilikuwa ikirudi kutoka Toronto kwenda Frankfurt na Condor, ikafika saa 25 baada ya wakati. Shirika likasema safari haikufutwa, imechelewa tu. Majaji wakauliza, kwa maneno yao ya kisheria, tofauti iko wapi kwa mtu aliyepoteza siku nzima? Wakaamua kwamba atakayefika saa tatu au zaidi baada ya wakati atahesabiwa sawa na aliyefutiwa safari. Mashirika yalilalamika sana, shauri likarudishwa mahakamani, na mwaka 2012 majaji wakasema lile lile.

Kwa hiyo saa za kuhesabu ni za kufika. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na ndipo shirika letu lilipoanza kututeleza.

Barua yangu ya kwanza niliiandika wiki mbili baada ya arobaini, kwa fomu ya tovuti yao. Majibu yalikuja baada ya siku thelathini na kitu. Yalikuwa ya upole kupita kiasi. Walitusikitikia. Wakasema ndege kutoka Frankfurt ilichelewa saa mbili na dakika kumi na tano, chini ya saa tatu, na ndege ya pili iliondoka kwa wakati, tena kutoka nje ya Ulaya, mahali ambapo kanuni hiyo haifiki. Pamoja na hayo usalama wa abiria ndio kipaumbele chao. Kama ishara ya nia njema walitupa vocha za dola 100 kila mmoja, za kutumia ndani ya mwaka mmoja kwenye ndege zao.

Nikiri jambo. Nilisoma barua ile nikaona ina mantiki. Saa mbili na robo si saa tatu. Na vocha ni vocha. Nikampigia shangazi, akasema, “Mwanangu, wamekujibu vizuri, waache.” Akaongeza kwa sauti ya chini, kama vile simu ina masikio: “Na ukiwasumbua hawa, mwakani nikiomba viza wataniona mkorofi.”

Hili la viza nimelisikia kwa watu wengi mno baadaye. Dada mmoja wa Bujumbura anayeishi Brussels aliniambia mama yake alikataa katakata kusaini fomu ya madai kwa hofu hiyo hiyo. Tumezoea kuingia Ulaya kwa kuhojiwa, kuonyesha karatasi za benki, kuacha alama za vidole, hata kila mwenye sare tunamwona ni wa ubalozi. Shirika la ndege ni mfanyabiashara. Kumdai ni kama kumdai mwenye duka aliyekuuzia unga wenye wadudu. Faili la madai hayo halina njia ya kwenda kwa ofisa wa viza, na huyo ofisa halihitaji.

Lakini kumweleza hivyo mtu wa miaka sitini na minane hakutoshi. Kilichomgeuza shangazi ni barua yenyewe. Nilimsomea neno kwa neno, nikimtafsiria. Nilipofika “ndege ya pili iliondoka kwa wakati,” alinikatiza. “Iliondoka kwa wakati,” akasema, “na sisi tulikuwa wapi?”

Swali hilo, nilikuja kugundua, ndilo waliloulizana majaji mwaka 2013. Abiria mmoja alitoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kwa kupitia Paris na São Paulo. Ndege yake ya kwanza ilichelewa karibu saa mbili na nusu, chini ya saa tatu kama yetu. Akazikosa zilizofuata, akafika saa 11 baada ya wakati. Air France ikajitetea vile vile. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni saa ya kufika mwisho wa safari, ilimradi safari nzima imewekwa kwa namba moja. Halafu mwaka 2018 likaja shauri la abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kwa kupitia Casablanca, na Royal Air Maroc. Matatizo yalimpata Casablanca, nje ya Ulaya, kwenye ndege ya shirika lisilo la Ulaya, akafika saa nne baadaye. Majaji wakasema safari moja ni safari moja. Imeanzia Berlin, basi kanuni inamfuata mpaka Agadir.

Ukilisoma shauri hilo ukiwa Mtanzania utaona kwamba ni kama limeandikwa kwa ajili yetu. Nani kati yetu anakwenda nyumbani moja kwa moja? Wachache. Tunapita Addis Ababa, Istanbul, Doha, Dubai. Mikosi yetu mingi hutupata pale katikati. Na pale ndipo wanapotuambia Ulaya imekwisha.

Neno “namba moja” ndilo la kushikilia. Kuna ndugu zetu wanaounga safari wenyewe ili kuokoa euro themanini: tiketi moja mpaka Istanbul, nyingine ya shirika jingine kuanzia hapo. Au tiketi ya Dar inaishia Dar, ya Mwanza imenunuliwa peke yake. Hapo kila tiketi ni safari yake, na ukikosa ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ni juu yako. Sisemi msiunge. Mimi mwenyewe nimeunga mara nyingi. Nasema zile euro themanini zijulikane zinanunua nini.

Nikaandika barua ya pili. Nilitaja mashauri yote mawili. Kuhusu mlango wa mizigo nilitaja la tatu, la Desemba 2008, la abiria na shirika la Alitalia, ambapo majaji walisema ubovu wa kawaida wa ndege ni sehemu ya kazi ya kurusha ndege. Shirika haliwezi kujificha nyuma yake na kusema ni hali isiyo ya kawaida. Hali isiyo ya kawaida ni kama dhoruba, ndege kugongwa na ndege wa angani, waongoza ndege kugoma. Wafanyakazi wa shirika lenyewe wakigoma haihesabiki, mahakama ilisema mwaka 2021 kwenye shauri la shirika la SAS. Abiria waliokwama Paris na Amsterdam marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 wangefaa wawe na hukumu hiyo mfukoni. Hata pale ambapo fidia haipo, chakula na malazi havikomi: volkano ya Iceland ilipofunga anga mwaka 2010, abiria wa Ryanair aliyekwama Faro wiki nzima alikwenda mahakamani kudai gharama zake, na mahakama ikasema wajibu huo hauna kikomo cha siku wala cha kiasi.

Barua ya pili niliambatanisha na picha za kidaftari.

Majibu yake ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika makala hii. Kwanza, sababu ilikuwa imebadilika. Mlango wa mizigo ulitoweka, pahala pake pakaingia “msongamano wa anga juu ya Ujerumani,” jambo lililo nje ya uwezo wao. Pili, walisema ushahidi wetu una kasoro. Kumbukumbu tuliyowasilisha, waliandika, inaonyesha matukio ya saa 09:10 hadi 11:25, wakati ndege inayohusika haikuwa hata imewasili Frankfurt. Kwa hesabu yao, kwa kufuata kidaftari, sisi tulikuwa tumesukumwa kutoka getini karibu saa nne kabla ya safari kuanza.

Nilicheka mpaka mwenzangu wa ofisini akaja kuuliza kuna nini. Nikampigia shangazi. Yeye hakucheka. “Watu wanaorusha ndege duniani kote,” akasema, “hawajui saa tisa ni saa tisa?”

Ikabidi niketi chini nieleze kwa Kijerumani, kwenye barua ya kisheria, kwamba kwa Waswahili saa za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwamba saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Kwamba 9:35 ya mwalimu wa Pangani ni 15:35 ya Frankfurt. Na kwamba ukitaka kuhakikisha, tazama mishale ya saa yako ya ukutani, namba inayotazamana na ile ya Kizungu ndiyo ya kwetu. Nilichora na mchoro. Naamini ni mara ya kwanza mchoro huo kuingia kwenye faili la usuluhishi la Berlin.

Maana huko ndiko nilikolipeleka. Ujerumani ina chombo kinachoitwa Schlichtungsstelle Reise & Verkehr, cha kusuluhisha wasafiri na makampuni ya usafiri, na abiria halipi kitu. Unalisubiri shirika miezi miwili likujibu kwanza, halafu unafungua shauri mtandaoni. Karatasi nilizokuwa nazo ni hizi: namba ya tiketi, bodingi pasi zote sita, za kwanza na za pili, barua zao mbili zenye sababu mbili, kidaftari na mchoro wa saa. Kwa sababu kanuni inamtwika shirika mzigo wa kuthibitisha, zile sababu mbili zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Msuluhishi aliwauliza ipi ni ipi. Na kidaftari kilikuwa kimeandikwa pale pale getini, na mtu asiyekuwa na habari kwamba kuna pesa ya kudai.

Nilikuwa na njia nyingine, ya madalali. Siku hizi wamejaa kwenye simu: unaingiza namba ya ndege, wanakudaia, wewe hutoi senti, wakishinda wanakata. Makato yao huwa robo hadi theluthi, na shauri likifika kwa mawakili yanapanda. Siwalaumu. Kwa mtu asiyejua lugha ya nchi aliyomo, au aliyekwisha rudi Kigoma na mtandao wa kubahatisha, theluthi mbili ya euro 600 ni bora kuliko vocha. Ila mtu aanze mwenyewe kwa kuandika barua moja. Barua moja haiui.

Usiwe na haraka sana, lakini pia usilale. Muda wa kudai hupangwa na kila nchi: Ujerumani miaka mitatu, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa safari, Uholanzi miwili, Ufaransa mitano. Uingereza, iliyojitoa kwenye Umoja, iliichukua kanuni ikaifanya ya kwake, na kwa safari ya London na Nairobi kiwango ni pauni 520. Ukiwa England una miaka sita. Mizigo ni habari nyingine kabisa, ya Mkataba wa Montreal, na huko saa zinakwenda mbio: begi likichelewa, malalamiko ya maandishi yawe yametumwa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata, likiharibika, siku saba. Begi letu moja lilikuja Dar siku tatu baadaye likiwa na buibui la shangazi la kwenda nalo khitma, kama vile nalo limeona hakuna haja ya haraka tena.

Kuna jambo la kuangalia. Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi wa nchi za Umoja walikubaliana kuibadili kanuni. Kwa safari ndefu kama zetu walitaka fidia ianze baada ya saa sita badala ya tatu, na iwe euro 500. Bunge la Ulaya lilipinga, likataka saa tatu zibaki. Wanaotetea mabadiliko wanasema shirika likipewa saa sita litapata nafasi ya kuleta ndege nyingine badala ya kufuta safari. Labda. Mimi niliyemwona shangazi akifunga kidaftari usiku ule nina maoni yangu juu ya saa sita ni muda gani.

Na vocha? Kanuni inasema fidia ni fedha, kwa benki au taslimu au hundi. Vocha ni mpaka abiria akubali kwa saini yake. Zile za dola 100 ziliisha muda wake zikiwa kwenye barua pepe. Nilichunga nisizibofye.

Pendekezo la msuluhishi lilitoka mwezi wa tano tangu nifungue shauri: walipe zote. Wakalipa, bila neno la kukiri kosa, “kwa nia njema.” Euro 1,800. Za shangazi nilimtumia siku ile ile, zaidi ya milioni moja na nusu za kwetu. Hakuuliza zimepatikanaje. Nilimsikia akifungua ukurasa. “Imeingia saa nne na dakika kumi,” akasema, na nilijua ameandika 4:10.

Akatulia kidogo. Kisha nikasikia kurasa zikirudi nyuma.

“Haya,” akasema. “Na hii ya kuja? Mwezi wa tatu. Nilitoka Dar, ndege hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo. Nimeandika hapa. Tulikaa uwanjani saa sita na nusu, maji hatukupewa. Hiyo umewaandikia?”

Nikamwambia hiyo haimo. Nikamweleza kuhusu shauri la mwaka 2008, la abiria aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi, Düsseldorf mpaka Manila kwa kupitia Dubai, na Emirates, na safari yake ya kurudi kutoka Manila ikafutwa. Majaji wakasema kwenda ni safari, kurudi ni safari nyingine. Ya kurudi ilianzia nje ya Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya, basi hana chake. Angekuja na shirika la Ulaya, angelipwa.

“Kampuni ile ile,” akasema.

“Ile ile, shangazi.”

“Na mtu yule yule.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo nikitoka kwako nina thamani ya euro mia sita, na nikitoka kwangu?”

Nikaanza kumweleza habari ya mipaka ya mamlaka, kwamba sheria ya Ulaya haiwezi kumfikia kila mtu kila mahali. Akaniambia ngoja kwanza, kuna adhana.

Ukurasa wa mwezi wa tatu hajauchana. Nimemwona nao juzi kwenye simu ya video, ameukunja pembe.